Ndege Kubwa Zilizoishia Bahari Yetu: ET961, Makombora ya Mombasa na Jaketi Lililogeuka Mtego

Ukishuka uwanja wa ndege wa Manda, jeti ya pekee utakayoiona ni ile ya kupandia boti kuvuka hadi Lamu mjini. Ndege zenyewe ni za propela: vile vi-Caravan vidogo na zile Dash 8 ndefu. Hata Jambojet, na hilo jina lake lote, hutua hapa na Dash 8. Ndio maana msee wa Lamu akiskia "ajali ya ndege kubwa" anaona hiyo ni stori ya watu wa mbali, anabonyeza inayofuata.

Usibonyeze bado. Ndege mbili kubwa za abiria ziliishia kwenye maji ya Ngazija, ile ile Ngazija ya Habib Swaleh wa Riyadha, kama kilomita elfu moja kusini mwa Lamu. Nyingine ilikoswa na makombora Mombasa, na jamaa aliyetajwa kuwa bongo ya njama hiyo alikuwa akiishi Siyu, kisiwa cha Pate, anafunza madrasa. Halafu ndani ya hizi stori kuna kitu kuhusu jaketi la kuokoa maisha ambacho mtu wa visiwani anaweza kukosea haraka kuliko mtu wa Nairobi, ju sisi tumezoea boti. Nitafika hapo.

ET961: Vijana watatu, chupa moja ya pombe

Jumamosi, Novemba 23, 1996. Boeing 767 ya Ethiopian Airlines inaruka kutoka Addis Ababa saa tano na dakika chache asubuhi. Nairobi ndio kituo cha kwanza, halafu Brazzaville, Lagos, mwisho Abidjan. Ndani kuna watu 175.

Kama dakika ishirini angani, vijana watatu Wahabeshi wanavamia chumba cha marubani. Wananyakua shoka la dharura na mtungi wa kuzima moto. Wanasema wako kumi na mmoja na wana bomu. Ukweli ni kwamba walikuwa watatu tu, na hilo "bomu" baadaye liligunduliwa kuwa chupa ya pombe iliyofunikwa. Lakini ukiwa umeketi kwenye usukani na shoka liko karibu na kichwa, hauna nafasi ya kuuliza maswali mengi.

Walitaka wapelekwe Australia. Rubani, Kapteni Leul Abate, akawaeleza kwamba mafuta yaliyomo ni ya kufika Nairobi na akiba kidogo. Wakadinda. Walikuwa wamesoma kwenye jarida la ndani ya ndege kwamba 767 inaweza kuruka masaa kumi na moja bila kutua, na kwao hiyo ilitosha. Maze, hebu fikiria. Gari lako linaweza kutoka Mokowe hadi Nairobi likijazwa tanki, lakini kama umetia mafuta ya mia tano hutapita Witu. Ndio hesabu waliyoshindwa kuelewa, na watu 175 wakabebwa ndani ya hilo kosa.

Leul hakuwa mgeni wa mambo haya, ju alikuwa ametekwa mara mbili kabla ya siku hiyo na zote akatoka salama. Badala ya kukata bahari kuelekea Australia, alifuata ukingo wa pwani ya Afrika kwenda kusini, kama nahodha mzee anayehakikisha nchi kavu haimpotei. Watekaji walipochanuka kwamba ardhi bado inaonekana, wakamlazimisha ageuke mashariki. Hapo akaelekeza pua ya ndege Comoro bila kuwaambia.

Alifika juu ya visiwa na mafuta yakiwa yanaisha, akawa anazunguka huku wao bado wanabishana. Injini moja ikazima. Leul akatangazia abiria kwamba mafuta yameisha, injini moja imekufa na ya pili inafuata, na akawaomba wawakabili watekaji. Halafu ya pili ikazima kweli.

Hapa nieleze kidogo. (Mimi niliacha kolej kabla sijamaliza, so nitaeleza vile nilivyojieleza mwenyewe nikisoma hii kesi.) Ndege kubwa haianguki kama jiwe injini zikizima. Inateleza kwenye hewa ikishuka polepole. Shida ni kwamba injini ndizo zinazolisha umeme na mitambo ya kusukuma usukani. Zikifa, kijipropela kidogo hujitokeza tumboni mwa ndege, kinazungushwa na upepo, kinatoa nguvu ya kutosha vitu vichache tu. Zile bapa za nyuma ya mabawa zinazosaidia ndege kupunguza mwendo wakati wa kutua, hazipati nguvu. Matokeo yake ni kwamba unashuka kwa kasi, na una nafasi moja pekee.

Leul alitaka kutua uwanja wa Hahaya, Ngazija. Katikati ya purukushani na watekaji akapoteza alama za kuona uwanja uko wapi. Akachagua bahari, karibu na ufuo wa hoteli ya Le Galawa, upande wa Mitsamiouli, kama mita 500 kutoka nchi kavu. Alijaribu kutua sambamba na mawimbi. Ndege iligusa maji ikiwa na mwendo wa karibu kilomita 320 kwa saa, bawa la kushoto likatangulia kuchota maji, na ndege ikazunguka na kukatika vipande. Mtalii aliyekuwa ufuoni alirekodi video yote. Imeonyeshwa duniani kote tangu hapo.

Watu 125 walikufa, wakiwemo watekaji wote watatu. Hamsini wakatoka hai. Leul mwenyewe alinusurika, akapewa tuzo za kimataifa, na akarudi kurusha ndege za Ethiopian.

Kati ya waliokufa alikuwa Mohamed Amin, Mo Amin, mpiga picha Mkenya ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilitikisa dunia hadi ile tamasha ya Live Aid ya 1985 ikafanyika. Alikuwa amepoteza mkono kwenye mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991, akawekewa wa bandia, akarudi kazini na kamera. Walionusurika walisema dakika za mwisho alikuwa amesimama, akikabiliana na watekaji kwa maneno.

Jaketi lililogeuka mtego

Sasa hapa ndipo nataka usome polepole.

Si wote waliokufa Galawa waliuawa na kishindo. Baadhi yao walikuwa hai ndege ilipogusa maji. Walikuwa wamevaa jaketi, na walikuwa wameshajaza hewa wakiwa bado kwenye viti. Wahudumu na marubani walijaribu kuwaonya. Wengine walijaza tu, ju woga ni woga.

Shida iko hivi. Maji yakiingia ndani ya ndege yanapanda hadi juu ya mlango. Ili utoke lazima upige mbizi, upite chini ya fremu ya mlango, uibuke nje. Ukiwa na jaketi lililojaa, huwezi kuzama hata ukitaka. Linakunyanyua hadi dari na kukubana pale pale, huku mlango uko chini yako. Mtu anayejua kuogelea fiti kabisa anafia kwenye dari ya ndege akiwa amevaa kitu cha kumwokoa.

Kwa nini nasema hili linatuhusu sisi zaidi? Ju sisi somo letu la jaketi ni la boti. Jaketi la boti limeshonwa na povu ndani, linaelea muda wote, na kila anayejali usalama atakuambia ulivae kabla boti haijaondoka. Kweli kabisa, kwa boti. Boti iko wazi, ukipinduka uko nje tayari. Jaketi la ndege ni mnyama tofauti. Linakaa limekunjwa chini ya kiti, bapa kama karatasi. Lina kichupa kidogo cha gesi, na ukivuta kile kikamba linajaa kwa sekunde. Likigoma kuna mrija wa kupuliza kwa mdomo. Unalivaa ukiwa kitini, unalifunga, halafu unaliacha bapa hivyo hivyo hadi ufike mlangoni. Kikamba kinavutwa ukiwa unatoka, si kabla.

Ndio ile sentensi ambayo mhudumu huisema kila safari na sisi wote tuko kwenye simu tukimaliza status ya mwisho.

Bahari ile ile, miaka 13 baadaye

Juni 30, 2009, usiku wa manane, Airbus A310 ya Yemenia ikitoka Sana'a ilikuwa inakaribia uwanja ule ule wa Hahaya ambao Leul hakuufikia. Abiria wengi walikuwa Wangazija wanaoishi Ufaransa, walianzia Paris na Marseille, wanarudi nyumbani kwa likizo na harusi. Kulikuwa na upepo na giza. Uchunguzi ulisema marubani walipoteza udhibiti wa ndege wakiwa chini sana, wakijipanga kutua. Ndani walikuwa 153. Alitoka hai mmoja, msichana wa miaka 12 ambaye hakuwa hata na jaketi na kuogelea alikuwa anajua kidogo tu. Alishikilia kipande cha ndege kwa masaa hadi akaokotwa asubuhi.

Mama yake alikuwa kwenye ndege hiyo hiyo. Sina la kuongeza hapo.

Mwaka huo huo, Januari 15, Airbus A320 ya US Airways ilikuwa imetua kwenye mto Hudson, New York, baada ya ndege wa angani kuzima injini zote mbili. Watu 155, wote wakatoka. Wengi wetu tuliona zile picha tukaambiana kumbe ndege inaweza kutua majini kama bata. Cheki tofauti basi. Ilikuwa mchana, mto umetulia, mabawa yamenyooka, hakuna mtu na shoka nyuma ya rubani, na feri za jiji zilifika ndani ya dakika chache ju zilikuwa hapo hapo kazini. Galawa pia, waliosaidia kuokoa ni watu waliokuwa karibu na boti: wenyeji, wapiga mbizi, watalii wa hoteli, na madaktari Wafaransa waliokuwa likizoni. Bukoba vile vile, Novemba 2022, ndege ya propela ya Precision Air ilipoingia Ziwa Victoria, wavuvi ndio walitangulia kufika. Waliopona walikuwa 24 kati ya 43.

Siyu: Jirani aliyeitwa Abdul Karim

Hii ndiyo sehemu ya Lamu ambayo wazee hawapendi sana kuiongelea, na nawaelewa.

Asubuhi ya Novemba 28, 2002, Boeing 757 ya shirika la Israel, Arkia, ilikuwa inaruka kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, kuelekea Tel Aviv. Abiria 261 na wafanyakazi kumi. Ikiwa ndio tu imeinuka, makombora mawili ya kurushwa begani yalipita karibu nayo. Yote mawili yakakosa. Rubani hakurudi Mombasa. Aliendelea hadi Tel Aviv, ndege za kivita za Israel zikaja kumsindikiza, akatua salama.

Karibu saa hiyo hiyo, gari lenye bomu liligonga hoteli ya Paradise, Kikambala. Hapo bahati haikuwepo. Walikufa watu 13 mbali na walipuaji, kumi wao Wakenya, wakiwemo wacheza ngoma wa Kigiriama waliokuja kukaribisha wageni.

Fazul Abdullah Mohammed, mzaliwa wa Comoro, ambaye tayari alikuwa anasakwa kwa milipuko ya ubalozi wa Marekani Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1998, alitajwa kuwa mpangaji. Marekani ilikuwa imeweka dola milioni 5 juu ya kichwa chake. Na mwaka huo wa 2002 alikuwa amekaa Siyu, akijiita Abdul Karim. Alifunza madrasa, akaoa hapo hapo, akawa jirani wa watu. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema baadaye kwamba makombora yaliletwa Kenya kwa njia ya bahari kutoka Somalia.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtu wa Siyu. Mgeni anakuja, anajua dini, anaongea Kiswahili, anafunza watoto wako. Utamuuliza kitambulisho? Pwani mgeni hukaribishwa kwanza, maswali yanakuja baadaye, na yeye alilijua hilo vizuri. Baadaye polisi walipokuja, walioulizwa maswali ni wenyeji. Yeye alishahepa zamani. Mei 2003, Uingereza ilisimamisha ndege zake kuja Kenya kwa wiki kadhaa kwa hofu ya shambulio jingine, na ukiwa Shela unauza chumba au una dau la kutembeza wageni, unajua wiki kadhaa bila Waingereza ni nini mfukoni. Fazul aliuawa Mogadishu Juni 2011 kwenye kizuizi cha barabarani, baada ya gari lake kupotea njia.

Halafu tusichanganye: lile shambulio la Januari 5, 2020, la Manda Bay, halikuwa uwanja wetu wa abiria. Ilikuwa kambi ya kijeshi upande wa Magogoni, bara. Al-Shabaab waliua Wamarekani watatu na kuchoma ndege kadhaa. Jina moja, sehemu mbili.

Zile nyingine ambazo Mkenya anafaa kujua

Nairobi, Novemba 20, 1974: Boeing 747 ya Lufthansa ilianguka ikiruka, watu 59 kati ya 157 wakafa. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu duniani. Bapa za mbele ya mabawa hazikuwa zimefunguka, na ndege ikakosa nguvu ya kupanda.

Abidjan, Januari 30, 2000: KQ431, Airbus A310 ya Kenya Airways. Mara tu baada ya kuinuka usiku, alarma ikalia kwamba ndege inapoteza hewa chini ya mabawa. Haikuwa kweli. Rubani msaidizi alifanya kile alichofunzwa, akashusha pua, na mbele yake kulikuwa na bahari nyeusi isiyo na taa hata moja ya kumwonyesha alivyo chini. Walikuwa 179. Wakabaki kumi.

Douala, Mei 5, 2007: KQ507, Boeing 737-800 mpya, miezi kama sita tu. Iliruka usiku kwenye mvua bila ruhusa ya mnara, ikaanza kuinamia kulia polepole na rubani hakugundua, akidhani mtambo wa kujiendesha umeshika. Haukuwa umeshika. Wote 114 wakafa. Kinachouma zaidi ni kwamba ilianguka kwenye mikoko, chini ya kilomita sita kutoka uwanjani, na ilichukua zaidi ya masaa 40 kupatikana. Mtu wa Lamu anaelewa hii bila kuelezwa. Ukiingia mikoko ya Mkanda ukazima injini ya boti, mtu anaweza kupita hatua hamsini kutoka kwako asikuone.

Bishoftu, Machi 10, 2019: ET302, Boeing 737 MAX 8, Addis kwenda Nairobi, dakika sita baada ya kuruka. Watu 157, na Wakenya ndio walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Kihisio kimoja kilitoa habari ya uongo, na programu ya kompyuta ikawa inasukuma pua chini tena na tena huku marubani wakiivuta juu. Miezi mitano tu nyuma, ndege aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imeua watu 189 Indonesia kwa njia ile ile. Soma tena ya Abidjan, halafu hii. Kote kifaa kilidanganya kwamba ndege imeinua pua kupita kiasi. Abidjan aliyekiamini alikuwa binadamu, Bishoftu ilikuwa mashine, na mashine haikukubali kubishwa. Boeing iliwajibika kubadilisha programu, na MAX zote duniani zikawekwa chini kwa zaidi ya mwaka.

Safari yako inayofuata

Najua kinachokujia kichwani sasa hivi, na hapana, sikuambii uanze kuogopa kupanda ndege. Ukitoka Lamu kwenda Nairobi, kwa barabara una masaa mengi na hatari zake unazijua.

Ila ukiketi, fanya vitu vitatu kabla hujafungua simu. Hesabu viti kutoka kwako hadi mlango wa dharura, mbele na nyuma, ju moshi au maji yakiingia utahesabu kwa mkono, si kwa macho. Papasa chini ya kiti ujue jaketi liko wapi. Na ukiskia "jiandaeni", mkanda unabaki umefungwa hadi ndege isimame kabisa, mkoba unabaki pale ulipo hata kama ndani kuna laptopu ya kazi.

Jaketi vaa, funga, usijaze.

Ukitua Manda ukashuka hadi jeti, mambo yanageuka. Hilo la boti vaa kabla hujakanyaga ubao wa kuingilia, na ukipewa lililokatika kamba, mwambie nahodha akubadilishie. Hata kama ni dakika kumi tu kuvuka.